Kabla hujatoka kliniki, soma kadi yako

Kigoma wajawazito wengi huanza kliniki tumbo limeshaonekana. Nauli, foleni na woga wa kutangaza mimba changa vyote vinachangia. Ila anza kabla ya wiki 12. Presha ya mjamzito hushuka kidogo katikati ya mimba, kwa hiyo mwenye presha ya siku nyingi akija mwezi wa tano anaweza kuonekana mzima, na ikipanda baadaye hakuna ajuaye ilianzia wapi. Hudhurio la kwanza hupimwa pia wingi wa damu, kundi la damu, VVU, kaswende, malaria na mkojo. Kaswende ikigundulika mapema, sindano ya penisilini humkinga mtoto. Baba naye atibiwe, la sivyo atakuambukiza upya.

Nenda na tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3: hedhi iliyoanza 10 Mei inakupa matarajio ya kujifungua 17 Februari. Tarehe ikikosewa, futikamba ya kupimia tumbo nayo inapotosha, maana kuanzia wiki ya 24 hivi sentimita za tumbo hukaribiana na idadi ya wiki.

Presha ndiyo hupimwa kwa haraka kuliko vyote. Mama ameshuka bodaboda, bado anahema, mkanda unafungwa juu ya sweta. Omba ukae kwanza dakika 5, mgongo umeegemea, miguu isipandane, mkono wazi usawa wa moyo. Ikisoma 140/90 au zaidi irudiwe, na mkojo upimwe protini. Mkojo wenyewe kinga wa katikati, yaani wa mwanzo uache upite. Ukichanganyika na ute wa ukeni, kipimo kinaweza kuonyesha protini isiyotoka kwenye figo. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, ukitoka damu au mtoto akipunguza kucheza, usingoje tarehe ya kadi. Nenda siku hiyo hiyo.

Huku kwetu malaria ni nyingi, kwa hiyo SP, dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, usiikwepe. Ni vidonge 3 kwa mkupuo mbele ya nesi, kuanzia mimba ikiingia mwezi wa nne, kisha tena kila hudhurio mpaka kujifungua, mradi wiki 4 zimepita. "Sijala" si kisingizio, inamezwa hata tumbo tupu. Anayetumia kotrimoksazoli (Septrin) hapewi SP. Na foliki asidi ya miligramu 5, ile ya kununua dukani, hupunguza nguvu ya SP. Ya kliniki, miligramu 0.4, haina shida.

Wingi wa damu chini ya 11 (gramu kwa desilita) ni upungufu; chini ya 7 ni safari ya hospitali. Vidonge vya kuongeza damu usimeze na chai, meza na chungwa au embe. Choo kitakuwa cheusi, usiviache kwa sababu hiyo. Dagaa na migebuka endelea nayo.

Walioko mwambao wa Ziwa Tanganyika, kama kijiji cha Kagunga, wana hesabu moja zaidi. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini huchafua ziwa. Matarajio yakiangukia humo, hamia karibu na kituo chenye upasuaji wiki ya 36 hivi, hasa ukiwa na mapacha, presha, au kovu la upasuaji wa awali. Hela ya mafuta ya boti itengwe mapema, pamoja na ya mtu atakayebaki na watoto nyumbani.