Nimepiga masaa 66, ovataimu yangu iko wapi?

SWALI: Salaam aleikum mhariri. Mimi ni kibarua kwenye godauni huku Shimanzi, nalipwa 200 kwa saa. Wiki jana mzigo ulikuwa mwingi, nikapiga masaa kumi kila siku Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili ambayo ndiyo siku yetu ya mapumziko wakatuita tena masaa sita. Nimepewa 13,200. Kumuuliza msimamizi, ati wa kulipwa kwa saa hana ovataimu, hiyo ni ya watu wa mshahara wa mwezi. Ni kweli?
Kibarua, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Si kweli, na inaniuma kwa sababu hili neno naliskia sana na watu wanaondoka kimya.

Kanuni za mishahara za jumla hapa Kenya zinasema wiki ya kawaida ni masaa 52 kwa siku sita. Ukipita hapo, kila saa ni mara moja na nusu, na siku ya mapumziko au sikukuu ya serikali ni mara mbili. Sasa chukua kalamu tupige hesabu yako. Ulifanya 60 mpaka Jumamosi, basi 52 kwa 200 ni 10,400, zile nane zilizozidi ni 300 kila moja, hiyo 2,400, halafu Jumapili masaa sita kwa 400 ni 2,400 nyingine. Jumla 15,200. Yaani wamekupunja 2,000 kwa wiki moja tu!

Wa mwezi naye anagawanya mshahara wake wa msingi kwa 225 apate reti ya saa, kisha hesabu ni hiyohiyo. Walinzi na watu wa hoteli wana oda zao, yaani kanuni zao za mishahara, na penye mkataba wa chama cha wafanyakazi masaa yaweza kuwa machache zaidi, kwa hivyo uliza kwanza.

Jambo jingine, ukipiga 66 wiki mbili mfululizo ni 132, na kanuni inataka kazi na ovataimu kwa wiki mbili zisipite 116, wa usiku ndio 144. Mwili si winchi jamani.

Nunua kijidaftari, andika kila siku umeingia saa ngapi umetoka saa ngapi, na kile kitabu mnachosaini getini kipige picha ukiweza. Mkumbushe bosi kwa maandishi, akikataa nenda ofisi ya leba na hizo karatasi, lakini usikae nayo miaka mitatu ikapita, kortini hawataisikiza.