Jiko la jiwe la sabuni: kipimajoto kinasoma 150 tu, je, ni bovu?

Mkuu, jiko lako si bovu. Umesema umehamia Maine, huku Marekani, mwezi wa kumi, umekuta nyumba ina jiko la kuni la jiwe la sabuni, ukaweka kipimajoto juu ya jiwe, na saa nzima baada ya kuwasha bado kinasoma 150 za Farenhaiti (kama 66 za Selsiasi). Ukaona joto halipandi, ukaacha tundu la kuingizia hewa wazi kabisa na kujaza magogo mpaka mlangoni. Nilipofika hapo kwenye kujaza niliweka kikombe chini nikaanza kuandika, maana kosa hilo nimelifanya mwenyewe.

Kwa wasiolijua: hili si jiko la kupikia ugali. Ni sanduku la kupashia nyumba joto, lenye fremu ya chuma cha kusubu na kuta za vipande vya jiwe, moshi ukitokea nyuma au juu kwenda kwenye dohani. Jiwe lenyewe lina talki nyingi, madini yaleyale yaliyotumika sana kwenye poda ya mtoto, ndiyo maana ukilipapasa linateleza kama mche wa sabuni. Jina hilohilo ndilo wanalopewa mawe ya Tabaka, kule Kisii, yanayochongwa viboko na bakuli za watalii.

Sasa, kilo moja ya jiwe hili hubeba joto karibu mara mbili ya kilo moja ya chuma, lakini hulipitisha polepole sana kuliko chuma. Langu lina karibu kilo 220. Moto ukiwaka ndani, nje hupati habari mpaka baada ya dakika 45, wakati mwingine saa nzima na zaidi. Kwa hiyo kipimajoto cha juu ya jiwe hakikuambii moto ulivyo sasa hivi. Kinakuambia ulivyokuwa muda uliopita. Wa kukupa habari za sasa ni bomba la moshi.

Mimi hilo sikulijua. Msimu wangu wa kwanza hapa New Hampshire nilikaa nakodolea jiwe macho. 140. Nikaongeza kuni. 160. Nikaongeza tena, hewa wazi, mlango nimeuacha upenyo kidogo ili moto uchangamke. Kilichonishtua ni harufu ya rangi inayoungua: ni bomba, lilikuwa na joto la kuogofya na linalia tik-tik likitanuka. Nikafunga mlango na hewa haraka, bomba likatulia. Nikajua yameisha. Wapi! Jiwe ndiyo kwanza lilikuwa linaamka. Saa mbili baadaye, hewa imefungwa, moto umeshalegea, juu ya jiwe pakasoma 620. Mke wangu alifungua madirisha mawili, nje theluji, ndani tunatoka jasho kama tuko Tanga mwezi wa pili.

Tangu hapo nina vipimajoto viwili, na cha bomba ndicho ninachokitii. Nitaandika kwa Farenhaiti kwa sababu vipimajoto vya huku ndivyo vilivyo, na Selsiasi pembeni. Changu cha sumaku kimebandikwa kwenye bomba la ukuta mmoja, kama sentimita 45 juu ya jiko. Kikiwa chini ya 230 (nyuzi 110), moshi unapoa mno, unaganda ndani ya dohani na kuwa kreosoti, ile lami nyeusi ambayo siku ikishika moto huzimi kwa ndoo. Kati ya 230 na 475 (110 hadi 246) ndiko kwenye usalama. Juu ya hapo napunguza hewa, sijadiliani nacho. Kumbuka hayo ni ya nje ya bomba; moshi wenyewe ndani una joto karibu mara mbili yake. Na kama bomba lako ni la kuta mbili, cha sumaku kitakudanganya kabisa, maana ukuta wa nje umetengenezwa usipate joto. Hapo unahitaji cha kuchomeka, chenye sindano inayoingia mpaka kwenye moshi.

Juu ya jiwe, mimi huridhika likiwa kati ya 300 na 450 (149 hadi 232). Likikaribia 600 naona nimezembea. Kikomo halisi kiko kwenye kitabu cha jiko lako na hakifanani kwa kila jiko, kwa hiyo kitafute kabla ya kuamini namba zangu.

Lakini kudanganywa na jiwe kuna upande wa pili, na nadhani ndiko wengi wanakoharibu dohani bila kujua. Asubuhi unaamka, jiwe bado lina 220, unajipongeza. Fungua mlango: makaa kiganja kimoja na majivu. Bomba limeshapoa zamani. Ukitupia gogo kubwa hapo na hewa ukaiacha ndogo, eti jiko bado la moto, litafuka saa tatu nzima na moshi wote huo baridi unakwenda kupaka lami juu. Sogeza makaa mbele, weka vijiti vikavu, fungua hewa mpaka bomba lipite 300, ndipo uweke magogo na kupunguza kidogo kidogo. Mimi hupunguza kwa hatua tatu, dakika kumi kila hatua.

Kuni mbichi zitavuruga kila namba niliyoandika. Pasua gogo, pima unyevu kwenye uso mpya wa ndani, si kwenye ganda. Ikizidi asilimia 20, rudisha bandani. Mwaloni wa huku unataka miaka miwili, muuzaji aseme asemavyo.

Kabla ya yote hakikisha kipimajoto chenyewe kinasema kweli. Kile cha jiwe kiingize kwenye ovena ya jikoni kwa 300, kisha 400. Changu kilikuwa kinapungua nyuzi 50, yaani ile 620 yangu pengine ilikuwa mbaya zaidi. Bunduki ya infraredi, yaani kipimajoto cha kulenga kwa mbali bila kugusa, ni nzuri kwa jiwe kwa kuwa halimeremeti. Kwenye chuma kilichong'arishwa itakupa namba za ajabu. Piga katikati ya jiwe la juu, mahali palepale kila siku.

Na kama jiko halijawashwa tangu mwaka jana, jiwe limenyonya unyevu. Anza na mioto midogo miwili mitatu, uliache lipoe kila mara, ndipo uwashe mkubwa. Ukiliwasha kwa pupa likiwa limelowa au limeganda kwa baridi linaweza kupasuka, na jiwe halichomelewi.

Kwa usiku wa leo: usijaze. Magogo matatu madogo, angalia bomba, subiri jiwe lije lenyewe. Kengele ya kaboni monoksaidi iwe inafanya kazi, na kama hujui dohani ilisafishwa lini, mwite fundi wa dohani kabla ya kuwasha tena. Halafu niambie: bomba lako ni la ukuta mmoja au mbili? Ukigonga kwa ukucha utasikia. Nikijua hilo nitakwambia ununue kipimajoto kipi.