Usimtoe kwa nguvu, atashuka mwenyewe

Dada, umesema kuku wako wa kienyeji ana siku 5 juu ya mayai na hali chakula, ukauliza kama umshike umlishe. Hapana, mwache. Anayeatamia hushuka mara moja hivi kwa siku, dakika 15 hadi 30, anakula, ananya, anarudi. Huenda hushuka ukiwa kazini. Wewe weka maji safi na mahindi makavu karibu na kiota, si ndani, asije akachafua mayai.

Kinachonitia hofu zaidi ni utitiri. Usiku mulika nyasi za kiota kwa tochi. Ukiona vidudu vidogo vyekundu vinatembea, badilisha nyasi zote akishuka kula. Mimi nilichelewa, kuku wangu akanyonywa damu mpaka upanga wa kichwani ukapauka, akayaacha mayai yakiwa na siku 16. Niliumia sana.

Na kwa baridi hii ya Julai Nairobi, kiota kisikae juu ya simiti tupu. Tandika katoni na nyasi nyingi. Yawekee mayai alama ya penseli ili uondoe mapya wenzake wanayomtagia. Siku 3 za mwisho kabla ya ile ya 21 ya kuanguliwa, usiyaguse kabisa.