Re: Nina laki moja, nianze biashara ya skrepa?

Mkuu umeuliza kama laki inatosha kuanza skrepa (kukusanya na kuuza vyuma chakavu), na wapangaji wenzako wanakucheka eti unaokota takataka. Waache wacheke. Mi nipo humu mwaka wa nne sasa, inatosha kabisa ila usikimbilie kununua mzani, anza na kuokota.

Kwanza tafuta sumaku, ile ya nyuma ya spika mbovu inafaa. Ikinasa hicho ni chuma, bei ya chini, isiponasa ndo ukae ukichunguze, kwangua na kisu, wekundu ni shaba, njano ni brasi, nyeupe nyepesi ni aluminiamu. Feni mbovu watu wanatupa nzima nzima kumbe kwenye mota humo kuna waya wa shaba umezungushwa (nazo ukwangue, zingine siku hizi ni aluminiamu imepakwa rangi tu, wajanja hao). Waya usichome! Moshi wake ni sumu na shaba ikishakuwa nyeusi wanakukata bei, wewe chuna taratibu jioni huku unasikiliza mpira.

Halafu mizani ya wanunuzi. Nishapigwa mie, kilo kumi nikaandikiwa saba. Siku hizi naenda na kidumu cha lita tano kimejaa maji, nakipandisha kwanza, kikisoma chini ya kilo tano nabeba mzigo wangu naondoka.

Na ukiletewa mfuniko wa chemba au waya mnene wa umeme usiku na dogo usiyemjua, usiguse hata akikuuzia kwa buku.