Kiota cha mtoto mchanga: vipimo, ujazaji na makosa yanayokiharibu

Mama kijacho wa Moshi, umeuliza kama cherehani ya mguu inaweza kushona kiota cha mtoto, kile kitanda kidogo chenye ukingo mnene pande zote, na umesema unajifungua Julai. Inaweza, na ni kazi ya siku moja. Ila kabla hujashika mkasi: kiota ni cha kumlaza mtoto mchana huku unamtazama. Usiku, au ukienda jikoni, alale chali kwenye godoro gumu lililo bapa, bila mto wala ukingo. Kichanga akigeuza uso ukazama kwenye kitu laini hana nguvu ya kujinasua. Marekani, sheria ya 2022 imepiga marufuku kuuza ile mito ya kuzungushia ndani ya vitanda vya watoto. Fundi akikuambia "atalala humo mpaka asubuhi", huyo anatafuta hela tu.

Upande wa juu, unaogusa mtoto, tumia pamba nyeupe yadi 1. Shuka la mtumba la pamba kutoka soko la Memorial linafaa kuliko kitambaa kipya, maana limeshafuliwa mara nyingi na halirudi tena. Chini weka kitenge yadi 2. Vitenge vingi vimechanganywa na poliesta, kwa hiyo choma uzi mmoja: pamba inabaki jivu lenye harufu ya karatasi, poliesta inayeyuka na kuacha kipunje kigumu. Kwa upande wa chini hata mchanganyiko unafaa. Fua vyote kabla ya kukata, kitenge peke yake, la sivyo rangi itahamia kwenye shuka.

Pamba ikate sm 103 kwa 65. Ncha zote mbili ziwe nusu duara: funga uzi kwenye kalamu, uache urefu wa sm 32.5, ubane ncha ya uzi katikati ya upana, sm 32.5 kutoka mwisho wa kitambaa, uzungushe. Kitenge kikate vipande viwili vya sm 60 kwa 65, kila kimoja ukipinde sm 2.5 upande mmoja wa sm 65, kisha vipandane sm 12 katikati kama mdomo wa foronya. Weka pamba juu yake, uso kwa uso, kata ncha za kitenge zifuate duara, shona pembeni ukiacha sm 1.5. Kwenye miduara kata vijipembe vidogo kila sm 2 bila kugusa mshono. Ukiviacha, ukingo utakuwa na mikunjo hata ukipiga pasi mara kumi. Geuza kupitia ule mdomo.

Sasa chora kwa chaki mstari wa ndani, sm 14 kutoka ukingoni, ushone kuzunguka kote mara mbili kwa sindano namba 14. Hapo ndipo sakafu inapotengana na ukingo, na imebaki sm 72 kwa 34. Ule mdomo wa foronya nao umekatwa na mshono: katikati utapitisha sponji, na pande mbili kuna vitundu vya kujazia.

Kujaza ndiko kunakoharibu viota vingi. Tumia faiba ya mito, kati ya nusu kilo na robo tatu. Sufi, ile pamba ya mti wa msufi, ingawa ipo kwetu, iache: ina vumbi, na ikilowa hugandamana. Mabaki ya vitambaa ni mazito na yanaacha mabonge. Chambua faiba kwa vidole mpaka iwe kama wingu, ingiza konzi moja moja, sukuma kwa mpini wa mwiko, ukianzia kichwani na miguuni na kumalizia karibu na vitundu. Watu huanza karibu na kitundu, njia inaziba, na upande wa kichwa unabaki mtupu. Bana ukingo kwa mkono: vidole vikikutana, ongeza. Ukiona sakafu inajikunja kama bakuli, umezidisha, punguza. Kisha shona vitundu kwa mkono, mishono midogo.

Sponji iwe ngumu, unene wa inchi 1, sm 70 kwa 32, ncha zake nusu duara kama sakafu. Ukiikata sawasawa na sakafu itavimba katikati. Bonyeza kwa kiganja: shimo likibaki, rudisha dukani. Ikunje, ipitishe mdomoni, inyooshe kila upande.

Zile kamba za kukaza miguuni unazoziona kwenye picha usiziweke kabisa. Usipachike vifungo wala riboni. Kiota kikae sakafuni juu ya mkeka, kamwe si kwenye sofa wala mezani. Mtoto akianza kujaribu kujigeuza, kwa wengi karibu miezi 4, kiondoe.

Kwenye baridi ya Juni na Julai ukingo hukauka taratibu sana. Toa sponji, fua kwa mkono bila kusokota, uanike bapa, na ubane mahali penye faiba nyingi zaidi kabla ya kumrudishia mtoto. Pakiwa na ubaridi, ndani bado pana maji.