Kujifunza HTML kwa kitabu cha mitumba: niliyoyaona na ninayokushauri

Mwaka 2011 nilikuwa nikifanya kazi katika duka la kutoa kopi na kuchapa barua jijini Dar es Salaam, na njia yangu ya kurudi nyumbani ilipita mbele ya meza ya muuza vitabu vya mitumba karibu na Posta. Hapo ndipo nilipokipata, kwa shilingi 3,000 baada ya kupatana, kitabu cha Kiingereza cha kuwafundisha wanaoanza jinsi ya kutengeneza kurasa za wavuti kwa HTML, lugha ya alama inayokieleza kivinjari kipi ni kichwa, aya, orodha au picha. Kilikuwa kimechapishwa mwaka 1999, jalada lake limeshikizwa kwa selotepu, na diski ya mifano iliyoahidiwa kwenye jalada hilo haikuwamo. Muuzaji aliapa kwamba aliletewa hivyo hivyo.

Diski ile ndiyo niliyoihuzunikia kuliko selotepu, kwa sababu kila sura ilimwambia msomaji afungue faili fulani iliyomo, aibadilishe kidogo, kisha atazame matokeo. Mimi sikuwa na cha kufungua, kwa hiyo ilinibidi niichape mifano yote mwenyewe, mstari kwa mstari, jioni baada ya duka kufungwa, kwenye kompyuta ya kazini. Leo, nikiwa nimeishi kwa kazi hii kwa miaka mingi, naona kwamba upungufu huo ndio ulionifundisha. Anayenakili mfano kutoka kwenye diski, au siku hizi kutoka kwenye mtandao, hupata ukurasa unaofanya kazi na hajui kwa nini unafanya kazi. Anayeuchapa kwa vidole vyake hukosea, na hapo analazimika kuangalia kila alama imekaa wapi na ina kazi gani.

Nitatoa mfano mmoja ambao ulinichukua jioni mbili. Nilikuwa na orodha ya bidhaa, juu yake kiungo cha kwenda kwenye ukurasa wa bei, na chini yake picha. Nilipofungua ukurasa katika kivinjari, kiungo hakikuonekana, orodha nzima haikuonekana, na picha pia haikuonekana, ingawa kwenye faili vyote vilikuwapo navitazama kwa macho yangu. Nilifuta orodha nikaichapa upya, na haikusaidia. Nilibadilisha jina la picha, na haikusaidia. Jioni ya pili ndipo nilipoona mstari huu:

<a href="bei.html>Bei zetu</a>

Alama ya kufunga mtajo (") baada ya bei.html haikuwapo. Kivinjari kilikuwa kimekutana na alama ya kufungua, kikachukulia kwamba kila kinachofuata, yaani kiungo, orodha na mwanzo wa tagi ya picha (tagi ni alama za HTML zinazokaa kati ya < na >), ni sehemu ya anwani moja ndefu, hadi kilipokutana na alama nyingine ya mtajo mbali kule chini. Herufi moja ilikuwa imemeza nusu ukurasa. Tangu siku hiyo, kitu kinapotoweka kwenye ukurasa, sianzi kutazama mahali kilipotoweka. Naanza kutazama mistari inayokitangulia.

Jambo hili vitabu vingi vya wanaoanza hulipita haraka mno. Lugha nyingi za kuandikia programu zikiona kosa husimama na kulalamika, lakini HTML hailalamiki. Vivinjari vimetengenezwa kuvumilia, kwa hiyo ukisahau kufunga tagi ya herufi nzito, maandishi yote yanayofuata yatakuwa mazito na hakuna ujumbe wowote utakaotokea kukuonya. Uvumilivu huo ndio uliowawezesha watu wasio wahandisi kuandika kurasa, lakini humponza mwanafunzi, ambaye anaweza kukaa na makosa miezi sita akidhani amefuzu. Dawa yake ni kujikagua. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, linalo kikaguzi cha bure katika validator.w3.org, ambako unabandika ulichoandika nacho kikakuonyesha kosa na namba ya mstari. Mara ya kwanza nilipata makosa zaidi ya arobaini kwenye ukurasa mmoja niliokuwa nikijivunia. Usivunjike moyo ukipata idadi kama hiyo; rekebisha la kwanza tu, kisha kagua tena, kwa maana kosa moja huzaa mengine mengi yasiyo ya kweli.

Kikwazo kingine, kidogo lakini kinachowakwamisha wengi siku ya kwanza, ni jina la faili. Nilihifadhi kazi yangu ya kwanza katika Notepad, programu ndogo ya kuandikia iliyomo ndani ya Windows, kwa jina ukurasa.html, nikaifungua, nikaona tagi zote zimejipanga kama barua ya kawaida. Kumbe Notepad ilikuwa imeongeza herufi zake mwishoni, ikawa ukurasa.html.txt, na Windows kwa kawaida yake ilikuwa inaificha sehemu hiyo ya mwisho. Iambie kompyuta yako ionyeshe majina kamili ya faili kabla hujaandika hata mstari mmoja.

Sasa kuhusu umri wa kitabu. Watu huniuliza kama kitabu cha zamani kinafaa, nami hujibu kwamba inategemea sura gani. Mwingereza Tim Berners-Lee alipoanzisha mfumo huu wa wavuti akiwa CERN, maabara ya fizikia kule Geneva, maelezo ya kwanza ya tagi, ya mwaka 1991, tayari yalikuwa na kichwa cha habari, aya, orodha na kiungo. Tagi hizo zinafanya kazi mpaka leo, na ukienda info.cern.ch kwa simu yako utaona nakala ya kurasa zile za mwanzo zikifunguka bila shida. Sura zinazohusu mambo hayo hazijachacha, hata kama karatasi imekuwa ya manjano. Hapa msomaji wetu wa Kiswahili ana kazi ya ziada, kwa kuwa majina ya tagi ni vifupisho vya maneno ya Kiingereza, naye asipoyajua hukariri herufi tupu. Mimi niliyaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari pamoja na maana zake: p ni aya, ul ni orodha isiyo na namba, na a, kwa mshangao wangu, ni nanga. Nilipojua kwamba kiungo ni nanga iliyotupwa kwenye ukurasa mwingine, sikuisahau tena.

Sura zilizochacha ni zile za mwonekano na mpangilio wa ukurasa. Kitabu changu kilitumia kurasa zaidi ya themanini kufundisha kupanga ukurasa mzima kwa majedwali, jedwali ndani ya jedwali, na kupaka rangi kwa tagi ya font. Waandishi hawakuwa wajinga. CSS, lugha ya kupamba kurasa, ilikwishatangazwa rasmi Desemba 1996, lakini vivinjari vya wakati ule viliifuata kila kimoja kwa namna yake, na aliyetaka ukurasa ulingane kila mahali alikimbilia majedwali. Sababu hiyo haipo tena. Tangu mwaka 2017 vivinjari vikubwa vinaelewa hata mpangilio wa gridi. Kwa hiyo unapochagua kitabu, usianze na jalada. Fungua faharasa ya nyuma utafute maneno flexbox na grid, ambazo ni njia za CSS za kupanga ukurasa, na viewport, agizo la kuulinganisha ukurasa na upana wa kioo cha simu, na yasipokuwapo, kitabu hicho kitumie kwa tagi za msingi tu, kisha mambo ya mwonekano ujifunze kwingine. Mimi sikujua hayo, nikapoteza miezi miwili kwenye majedwali.

Hata hivyo, kuna sura moja niliyoicheka nikidhani imekufa, nayo ikaja kuniokoa: sura ya kupunguza ukubwa wa picha. Iliandikwa kwa ajili ya watu wa modemu za simu za kilobiti 56 kwa sekunde, ambao kwao picha ya megabaiti 3 ingechukua takriban dakika 7 kufika. Nilidhani hayo yamepita. Kisha nikakumbuka kwamba mteja wa Dar es Salaam hulipia bando lake, na hana sababu ya kulimaliza kwa picha ya kitanda.

Kitanda hicho kilikuwa cha shemeji yangu, fundi seremala wa Keko, mtaa ambao mji mzima unaujua kwa samani. Ushauri wangu mwingine ni kwamba ukifika katikati ya kitabu, uache mifano yake ya klabu za wapanda baiskeli na mapishi ya keki, umtafute mtu mwenye kitu cha kuuza au cha kutangaza, umtengenezee yeye. Kitabu hakikuulizi maswali, lakini mtu wa kweli hukuuliza. Nilimwonyesha shemeji kazi yangu kwenye kompyuta akaipenda sana, kisha akaifungua kwenye simu yake, akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali, akasema, "Shemeji, hizi ni herufi au ni sisimizi?" Simu hudhani ukurasa wa zamani umekusudiwa kioo kipana cha pikseli kama 980, ikaubana wote uingie kwenye kioo kidogo. Mstari mmoja wa viewport, ambao usingeweza kuwamo katika kitabu cha mwaka 1999, ndio uliokuwa ukikosekana:

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Ulipoingia, sisimizi wakawa herufi.

Siku iliyofuata alinipigia tena kuniuliza ni kitu gani kimeandikwa kwenye makochi. Maneno "ngozi ya ng'ombe" yalikuwa yameonekana "ngâ€™ombe". Watu husema Kiswahili hakina taabu ya herufi kwa kuwa hatuna alama juu ya irabu, lakini tunayo ng' yetu. Orodha ya bei nilikuwa nimeichapa kwanza katika Word, ambayo hugeuza kibainishi kilichonyooka kuwa kilichopinda, kisha faili yangu ikahifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, huku mstari wa juu, nilioutoa kitabuni, ukikitangazia kivinjari mfumo mwingine wa herufi. Andika <meta charset="utf-8"> juu kabisa ya ukurasa, hifadhi faili kwa mfumo huo huo, na usiandalie kazi yako ndani ya Word. Ukiwa hapo hapo, weka lang="sw" kwenye tagi ya html, ili kivinjari na programu za kuwasomea wasioona zijue kwamba zinasoma Kiswahili.

Kupandisha kurasa kwenye seva, yaani kompyuta inayozitoa kwa watu mtandaoni, sitakueleza kwa kirefu, kwani kila anayekodisha nafasi ana utaratibu wake. Nitakuonya jambo moja tu. Kwenye Windows, Kitanda.JPG na kitanda.jpg ni kitu kimoja, lakini seva nyingi hutumia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ambako hayo ni majina mawili tofauti. Picha zote zilizokuwa zikionekana dukani zilitoweka mtandaoni. Majina ya faili yaandike kwa herufi ndogo, bila nafasi katikati.

Miezi minane baadaye shemeji alinitaka nibadilishe bei ya kitanda cha futi tano kwa sita, kwa kuwa mbao za mninga zilikuwa zimepanda. Nikafungua faili ambayo niliiandika mwenyewe, na nikawa kama mgeni ndani yake: majedwali ndani ya majedwali, mistari yote imeanzia ukingoni bila kuingizwa ndani, wala hapakuwa na maelezo hata moja ya kunikumbusha wapi vitanda vinaanzia na wapi makabati yanaishia. Kitabu kilikuwa kimenishauri, ukurasa wa 31, niingize kila tagi ya ndani hatua chache kulia na niandike maelezo mafupi juu ya kila sehemu, nami nilikuwa nimeona ni kupoteza muda. Nilitumia saa nzima na zaidi kuitafuta bei hiyo. Nilipoipata, nilibadilisha tarakimu moja.