Uuze bodaboda ya petroli ununue ya umeme?

Ndugu yangu, umeuliza kama uuze pikipiki yako ya petroli sasa, kwa vile wenzako stejini wanahamia za umeme, nawe unapiga kazi kati ya Thika na Gatundu. Usiuze bado. Si kwamba teknolojia ni mbaya. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya abiria haisajiliwi ikiwa ya petroli, kwa hiyo huku ndiko tunakoelekea.

Tatizo ni betri. Juzi nilimtazama kijana akibadilisha yake: akainua kiti, akashika mpini kwa mikono miwili, akaiweka ile nzito iliyoisha chaji kwenye kabati la kituo, akachomoa iliyojaa. Hata chai yangu haikupoa. Lakini kituo kilikuwa mjini. Je, huko milimani kwako kiko wapi? Mlima na abiria wawili hula chaji haraka kuliko ile namba ya kilomita uliyoambiwa na muuzaji, ambayo mara nyingi hupimwa barabara tambarare.

Panda na mwenzako mwenye ya umeme siku nzima, njia yako ileile, uandike asilimia ya chaji iliyobaki kila mnapofika.

Mkataba nao usome wote, tafadhali. Mara nyingi pikipiki ni yako ila betri ni ya kampuni, na kila kubadilisha ni pesa. Uliza bei ikipanda utafanyaje, na kama unaruhusiwa kuchaji nyumbani. Oili na plagi utasahau kabisa, lakini breki na tairi zitakudai vilevile.